Hapana isiyo na mshenga

Pete ile ilikuwa ya shaba. Nililijua hilo siku alipoivua kunawa mikono kwenye sinki la jikoni pale ofisini, nikaona duara la kijani kidoleni, lile linaloachwa na pete za kuuzwa mezani Kariakoo. Alikuwa na miaka 24, hajaolewa, hana mchumba, na hayo yote niliyajua kwa sababu nilimuuliza wiki ya kwanza alipoanza kazi. Pete ilitokea alipokuwa na mwezi wa tatu kazini. Nikamuuliza kwa sauti, mbele ya wenzetu wawili waliokuwa wakisubiri birika lichemke: "Eh, umeolewa lini bila kutualika?" Akaipangusa kwa kitambaa, akairudisha kidoleni.

"Nimevaa tu, kaka."

Wiki tatu zilipita ndipo nikajua kwamba pete ile ilinunuliwa kwa sababu yangu.

Mwaka huo, 2018, nilikuwa nakaimu usimamizi wa kitengo cha nyaraka katika kampuni ya kugomboa mizigo jijini Dar es Salaam. Nilikuwa na miaka 33, sina mke, sina mtoto, nimetoka kwenye uchumba uliovunjika. Ofisi yetu ilijaa vijana wa namna hiyo. Kazi yenyewe inawaweka watu karibu: meli imeshusha, mteja anapiga simu kutoka Lubumbashi, mfumo wa forodha unagoma, storeji inahesabu siku, na ninyi mpo mezani hadi saa tatu usiku mnahakiki TANSAD, ile hati ya kutangazia mizigo forodhani, mstari kwa mstari. Mnakula chipsi mayai kwenye sahani moja. Mnacheka mpaka machozi kwa jambo ambalo kesho yake halichekeshi. Mapenzi yakizaliwa mahali kama pale sishangai, na sitamlaumu mtu kwa kumpenda anayekaa naye meza moja.

Niseme wazi nilichofanya, maana wanaume wengi tukifika hapa tunaanza kuzungukazunguka. Sikumshika. Sikumwahidi cheo wala kumtishia. Nilimsifia nguo zake, kila siku. Nilimwita "mke wangu" mbele ya watu. Tulipochelewa nilimnunulia kuku yeye peke yake, wengine wakajitafutia. Kila jioni nilimwambia apande gari langu, kwamba nina shughuli upande wa Barabara ya Kilwa. Yeye alikuwa anakaa Mbagala, mimi Kimara. Mtu yeyote wa Dar anajua kwamba Mbagala na Kimara haviko njia moja, na yeye alijua. Mara mbili alikubali, siku za mvua kubwa. Alikaa kwenye kile ki-IST changu na mkoba mapajani, mkono wa kushoto umeshika kitasa cha mlango kutoka Posta hadi Rangi Tatu, na mimi nikajiambia huyu ni binti mwenye haya, kalelewa vizuri. Usiku nilimwandikia ujumbe.

Na tathmini yake ya kipindi cha majaribio ilikuwa inasubiri saini yangu.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa uhasibu, mtu mzima, ambaye hata mkurugenzi alimwita Mama. Ilikuwa Ijumaa, watu wameanza kutawanyika. Akaniita, akanionyesha kiti.

"Mwanangu, ile pete unajua kwa nini ananunua mtoto wa watu pete ya shilingi elfu mbili?"

"Sijui, Mama."

"Basi mimi najua. Jana alikuja kuniuliza, akiacha kazi kabla ya miezi sita, kampuni itampa barua ya utambulisho au haitampa."

Nilihisi masikio yanawaka moto. Nikajitetea, na nakumbuka maneno yangu kwa sababu tangu siku hiyo nimeyasikia kwa wanaume wengine wengi, neno kwa neno: "Lakini Mama, mimi sina mke, yeye hana mume. Kosa liko wapi? Na mbona nikimtania anacheka?"

Hakunijibu hapo hapo. Alifunga daftari lake la hundi, akaliweka droo, akafunga kwa ufunguo. Kisha akasema: "Nenda nyumbani ukasome simu yako. Soma ya kwake tu. Ya kwako ruka."

Nikafanya hivyo. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikapandisha mazungumzo hadi mwanzo, nikawa nasoma upande mmoja tu. "Hahahaha sawa kaka." "Nimefika, asante kaka." "Haha." "Leo nimechoka kidogo." "Samahani, nilikuwa nimelala." "Tutaangalia." "Wiki hii tuna wageni nyumbani." "Mungu akipenda." "Samahani kaka nilikuwa nimelala." "Sawa." "Kuhusu lile kontena la Lubumbashi, mteja ametuma ankara." "Samahani nilisahau simu kwenye chaji." "Sawa kaka. Usiku mwema."

Nilihesabu. Katika miezi mitatu aliniandikia yeye kwanza mara nne, na mara zote nne ni mambo ya mizigo. Neno samahani lilikuwepo mara kumi na moja. Mtoto wa watu alikuwa ananiomba radhi kwa kulala usiku.

Ukiondoa maneno yangu, yaliyobaki hayakuwa mazungumzo ya watu wawili wanaopendana. Alikuwa mtu anayerudi nyuma hatua moja moja, akitabasamu, akitafuta mlango. Hata cheko lilikuwa linafupika: hahahaha ya wiki ya kwanza, haha ya wiki ya tano, halafu ile alama ya uso wa njano peke yake.

Ningependa kusema sikuelewa. Sitasema hivyo, kwa sababu si kweli. Sehemu ya kazi yangu ilikuwa kudai wateja. Miaka saba nimesikia "nitakutumia kesho", "bosi amesafiri", "tutaangalia wiki ijayo, Mungu akipenda", na hakuna hata siku moja niliyoshindwa kujua kwamba mtu huyo halipi. Kiswahili chetu kina hapana chungu nzima ambazo hazitamki neno hapana, na mtu aliyekulia ndani yake anazisikia zote. Nilizisikia kwa wadeni. Kwake niliziba masikio kwa sababu jibu hilo sikulitaka.

Kitu kingine nilichojikinga nacho ni utani. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, yeye ni Mzaramo. Makabila haya mawili ni watani tangu enzi za misafara iliyokuwa ikishuka na pembe za ndovu kutoka bara hadi pwani, na nimekua nikiuona utani huo ukifanya kazi yake. Nimeona watani wakimwiga marehemu alivyokuwa anatembea, msibani kwake, wakizuia jeneza lisitoke mpaka wapewe hela, na wafiwa wakacheka katikati ya kilio. Ni kitu kizuri sana na ninakipenda. Kwa hiyo kila nilipomwita mke wangu, na mtu akanitazama vibaya, nilikuwa na jibu mkononi: huyu mtani wangu.

Lakini mtani hujibu. Hilo ndilo linaloufanya utani uwe utani. Ukiniita mtumwa wako nami nakuita mtumwa wangu, ukichukua kofia yangu msibani nami nitachukua kuku wako arusini, na wote tunajua hakuna anayeweza kumdhuru mwenzake kwa hilo. Yule binti angenijibu nini? Angeniita mume wake, nami nichukulie kuwa amekubali? Angenitukana, kisha mwezi ujao alete fomu yake nisaini? Nilitumia jina la jambo la heshima la wazee wetu kufunika jambo ambalo wazee hao wangenizomea.

Jumamosi na Jumapili sikutoka nyumbani. Nilikuwa naliwaza jambo moja, nalo ni mshenga.

Kwetu Tabora na kwao Uzaramo, kijana akimpenda binti haendi mwenyewe mlangoni. Anatuma mtu mzima. Nilipokuwa mdogo nilidhani mshenga anatumwa kwa sababu kijana anaona haya. Sasa naona kwamba kazi yake kubwa zaidi ni kubeba hapana. Anakwenda na barua ya posa, wazazi wanasema binti bado anasoma, au kuna mtu alishatangulia, na maneno hayo yanarudi yakiwa yamefungwa vizuri. Kijana anaumia akiwa kwao, binti yuko kwao, kesho wakikutana kisimani wanasalimiana. Hata binti akinyamaza, kimya chake anakitafsiri bibi au shangazi aliyemlea, anayejua kimya kipi ni haya na kipi ni karaha. Hakuachiwa mwanaume anayemtaka akitafsiri mwenyewe.

Ofisini hakuna mshenga. Nilimtaka mimi mwenyewe, nikakitafsiri kimya chake mimi mwenyewe, na hapana yake alitakiwa ailete yeye, peke yake, kwa mtu aliyeshika kalamu ya tathmini yake. Kwamba sote wawili hatujaoa wala kuolewa hakukubadilisha lolote katika hilo. Kulinihalalishia mimi kupenda. Kwake hakukumpunguzia hata senti moja ya gharama ya kukataa.

Gharama hiyo ilikuwa halisi kuliko nilivyodhani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ina sehemu inayomlinda mfanyakazi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki, lakini sehemu hiyo haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Yeye alikuwa na miezi minne. Yaani nilimwandama katika kipindi kile kile ambacho angeweza kuondolewa kirahisi kuliko wakati mwingine wowote. Sikukipanga. Ila yeye alikuwa akikifikiria kila siku. Ndiyo maana alikwenda kuuliza barua ya utambulisho.

Jumatatu nilitaka kumwita nimwombe msamaha. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Mama wa uhasibu akanizuia mlangoni, kama aliyejua. "Utamwita wapi? Chumbani kwako, ufunge mlango? Halafu yeye aseme nini, kwamba hakusamehi? Utamtwisha mzigo wa pili." Nilikasirika, nakiri. Mtu ukishajutia unataka kutuliwa, na unayetaka akutue ni yule yule uliyemkosea. Nikakaa na hasira hiyo siku nzima, jioni nikamwona meneja.

Nilimweleza yote, nikampa simu asome. Nikaomba binti ahamishiwe kwa msimamizi mwingine kabla ya tathmini, na tathmini yenyewe isipite kwangu. Meneja, naye mwanaume, alisoma kidogo akacheka: "Hii tu? Nilidhani umefanya jambo." Nikaona jinsi ambavyo yeye angemjibu binti huyo kama angekuja mwenyewe kushtaki. Nikasisitiza iandikwe. Nilipewa barua ya onyo ikaingia kwenye faili langu, na nafasi niliyokuwa naikaimu akapewa mwingine. Niliumia kwa hilo, mshahara ulipungua, na sikuona kwamba nimeonewa. Binti aliambiwa na Mama wa uhasibu, kwa maneno ambayo sikuyasikia. Namba yake niliiacha kimya. Kuanzia hapo mambo ya kazi yalipita kwenye kundi la kitengo, mchana, kila mtu akiona.

Kilichofuata kiliniumiza kuliko barua. Habari zilivuja, kama zinavyovuja ofisini, na wanaume wenzangu wakamgeuka. "Huyo usimsalimie, atakupeleka polisi." Waliacha kumfundisha. Akiuliza kuhusu msamaha wa kodi kwa bidhaa fulani, mtu anamwambia aangalie kwenye kitabu. Chakula cha jioni kikawa kinaagizwa bila yeye. Wao waliita tahadhari. Kwa macho yangu alikuwa anaadhibiwa mara ya pili kwa kosa langu, na watu ambao hakuwahi kuwafanyia lolote. Nilisimama kwenye kikao cha asubuhi nikawaambia kwamba binti hakunishtaki popote, ni mimi niliyejipeleka, na anayeogopa kumsalimia mwenzake kazini ajiulize ni salamu gani alizozoea kutoa. Wawili walininunia kwa mwezi mzima.

Baadaye kampuni ilimleta mwanasheria kutusemesha nusu siku. Wenzetu wa tawi la Mombasa walikuwa na karatasi ukutani miaka mingi, kwa sababu Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono kazini. Sisi hatukuwa na kitu. Mwanasheria alianza na lile ambalo kila mtu alidhani ndilo tatizo lenyewe: bosi anayesema nipe nikupe. Hiyo ni rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi shilingi milioni 5, na mtu anaweza kupiga simu TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113 bila malipo. Wanaume walitikisa vichwa kwa raha. Hakuna aliyejiona hapo, hata mimi nisingejiona.

Kisha akasoma kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Hapo ukumbi ulinyamaza. Kifungu hicho kinazungumzia maneno na vitendo vya kumtaka mtu kingono visivyotakiwa, vikifanywa na mwenye mamlaka mahali pa kazi. Hakiulizi kama aliahidi kitu. Hakiulizi kama ana mke. Adhabu yake inafika miaka 5 jela. Mwenzangu mmoja akanyoosha mkono, akauliza swali ambalo wote tulikuwa nalo mdomoni: sasa mtu atajuaje kama hayatakiwi, kabla hajajaribu?

Ni swali la haki, na nimelifikiria miaka mingi kuliko mwanasheria alivyolijibu. Jibu nililonalo nimelipata kwa kijana mmoja wa stoo na dada wa mapokezi wa ofisi yetu wenyewe. Walikuwa sawa kwa cheo, hakuna aliyemwandikia mwenzake ripoti. Kijana alimwambia siku moja, mchana, nje kwa mama lishe, kwamba anampenda na angependa watoke Jumapili, na kwamba asipotaka yeye hatauliza tena. Dada akasema atafikiri. Kijana akakaa kimya miezi miwili. Alimsalimia kama zamani, akamletea barua za stoo kama zamani, hakununa, hakumpelekea kadi ya Idi yenye mafumbo, hakumtuma mtu. Dada mwenyewe ndiye aliyerudi. Walifunga ndoa Temeke, na mimi nilichangia kamati ya arusi. Niliwahi kumuuliza kijana huyo kama miezi ile miwili haikumtesa. Akasema ilimtesa sana, "lakini kaka, mateso yalikuwa yangu."

Na wanawake nao huwa na kalamu. Niliwahi kuwa na kibarua, kijana mpole wa Tandika, aliyekuwa anapeleka nyaraka kwa mteja wetu mmoja mkubwa, mama mwenye fedha zake. Akaanza kutoa visingizio asiende. Wenzake walimcheka wakamwambia amebahatika. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshasoma simu yangu mwenyewe, nikamuuliza faraghani. Alilia kama mtoto. Alisema kila mtu anataka asimulie ili wacheke. Tulimbadilishia njia siku hiyo hiyo, na mteja tulimwandikia kwamba nyaraka zitaletwa na wengine, bila kumtaja kijana.

Binti alithibitishwa kazini. Msimamizi wake mpya alimpa alama ambazo mimi pia ningempa, kwa sababu kazi aliijua. Alikaa miaka miwili, kisha akapata nafasi nzuri zaidi kwingine. Siku ya kumuaga palikuwa na soda na keki, akasimama akamshukuru kila mtu kwa zamu. Kidole chake hakikuwa na pete. Sijui aliivua lini, maana nilikuwa nimeacha kuangalia. Alipofika kwangu alisema, "Asante kaka kwa kunifundisha TANSAD," kwa sauti ile ile ya heshima ambayo zamani niliisikia nikaipa maana yangu. Nikajibu karibu, kila la heri.

Jioni alibeba boksi la vitu vyake. Nilikuwa nimesimama kwenye lifti, mlango ulikuwa umefunguka. Akanisalimia kwa kichwa, akapita, akashuka kwa ngazi ghorofa zote nne.